Mwalimu Aliyetazama Watu Wakilala

Ukoo wake na alikozaliwa sitaviandika. Yeye mwenyewe hakupenda kuvisema, na kwetu hakuna aliyevihitaji. Alikuja Newala kufundisha baiolojia shule ya sekondari, akitokea kanda ya ziwa, tukamwita Mwalimu. Walimu walikuwa wengi, lakini ukitaja Mwalimu peke yake kila mtu wa mtaa wetu alijua unamsema yule mrefu mwenye shati la mikono mirefu, limefungwa mpaka kifungo cha juu, anayesimama njiani kumtazama mbwa aliyelala.

Ndiyo, mbwa. Mtu mzima na mkoba wake kwapani, anachelewa kipindi, kainama anamtazama mbwa wa watu anavyotikisa miguu usingizini. Watoto wakapita wakamcheka. Akawaita waje nao watazame, akawaonya wasimwamshe. Kumwamsha kiumbe ghafla alikuona ni utovu wa adabu. Hata darasani, mwanafunzi akisinzia, walimu wengine walimrushia chaki. Yeye aliwaita wenzake wasogee kimya kimya wamwangalie macho chini ya kope. Yule mtoto akizinduka anakuta darasa zima limemzunguka. Wanasema hakuna aliyelala mara ya pili, kwa hiyo sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa fimbo.

Mimi nilimjua kwa ugomvi. Nilikuwa nabangua korosho barazani kwangu na mjukuu wangu wa kwanza, bado mchanga, amelala kwenye mkeka. Mwalimu akapiga hodi, akaketi bila kukaribishwa, akamkodolea mtoto. Nikamfunika mtoto khanga.

"Mwalimu, mtoto wa mtu hatazamwi hivyo."

"Samahani, Mama Bakari. Basi mtazame wewe."

"Mimi namtazama kila siku."

"Macho yake umeyatazama? Akiwa amelala?"

Nikaifunua khanga kwa hasira ili nimwonyeshe kwamba mjukuu wangu hana kasoro. Kope zimefungwa, na chini yake macho yanakwenda huku na huku kama vifaranga ndani ya kapu. Kwanza yalikwenda haraka, yakatulia, yakaanza tena. Nimezaa, nimelea, nimelelea na wenzangu, na sikuwahi kuketi nikayatazama. Nikamuuliza mtoto ana nini.

"Hana kitu. Ndivyo tulivyo wote. Wachanga wanazidi."

"Anaota?"

"Huenda."

"Anaota nini, na hajaona kitu hapa duniani zaidi ya ziwa la mama yake?"

Akacheka akashika kidevu. "Hapo umeniweza. Sijui."

Nikamsamehe kwa sababu ya lile neno. Wasomi wengi waliopita mtaani kwetu, ukiwauliza jambo wasilolijua, wanakujibu kwa maneno marefu. Yeye alisema sijui, akanywa maji, akaenda zake.

Maji nayo yalikuwa kesi yake. Huku juu kwetu hakuna mto. Maji ni ya mvua uliyokinga, au ya bomba likijisikia kutoka, na zamani tuliyafuata bondeni na kurudi na kilima kizima mgongoni. Yeye alikulia penye ziwa, akawa anaoga kama anayeishi nalo bado. Mwenye nyumba wake akaanza kufunga tangi kwa kufuli. Mwalimu akanuna, kisha akazoea. Alizoea na ming'oko pia, ile mizizi ya porini tunayochimba na kuchemsha, ambayo mwanzo alisema ni chakula cha ngiri. Baadaye ukichemsha ming'oko anafika kabla hujaipua. Akaoa msichana wa Chiwata, mpole kuliko yeye, na hapo tukajua harudi ziwani.

Alikuwa na swali moja ambalo lilichosha watu. Ukimpelekea habari yoyote, ya mtu kuiba, ya ng'ombe kuzaa pacha, anakuuliza: "Umeona, au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, anakutazama tu mpaka unaona haya. Lakini mtu huyo huyo aliogopa kinyonga. Kinyonga akiwa kwenye mti, Mwalimu anazunguka shamba zima. Siku moja nikamshika: "Kinyonga kuua mtu, umeona, au umeambiwa?" Akajibu bila aibu: "Nimeambiwa, na inatosha." Halafu akazunguka.

Usingizi ndio uliokuwa somo lake la moyoni, na yeye mwenyewe hakuwa na usingizi mzuri. Labda ndiyo sababu. Siku nyingine alikuja barazani kwangu macho mekundu, akaketi akanieleza, mimi niliyeishia darasa la nne, kama vile nitafanya mtihani. Alinishika kisogo, pale shingo inapoingia kichwani.

"Hapa, Mama Bakari, kuna shina la ubongo. Ukiingia kwenye usingizi wa ndoto, macho yanaanza kukimbia, na amri inatoka hapa. Hapa hapa inatoka amri nyingine ya kulegeza mikono na miguu, isisogee. Bila hivyo ungeota unakimbia, ungejikuta uko nje ya nyumba."

"Na kupumua?"

"Kupumua kunaachwa. Na macho yanaachwa."

Nikamwambia basi ni kama mlinzi wa ghala la korosho. Jioni anafunga milango yote mikubwa, anaacha vidirisha viwili vya juu hewa ipite. Mwalimu akasema neno hilo atalitumia darasani. Na alilitumia. Wanafunzi walinipa shikamoo njiani wakiniita Bibi Ghala, nikawa naitikia marahaba kwa ukali ili wasizoee.

Sasa niseme alichonifanyia, maana hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Kwetu huku, mtu akiamka mwili umechoka bila sababu, watasema amelimishwa. Maana yake mchawi kamchukua, kauacha mwili kitandani, na mwenyewe kapelekwa shambani kwa mchawi kushika jembe. Anayesemwa kwamba analimisha wenzake anaitiwa mtaalamu wa mambo hayo, ananyolewa nywele mbele za watu na kunyweshwa dawa. Ukishanyolewa, hata kama hukufanya, umefanya. Mama mmoja nimjuaye alinyolewa. Watu wakaacha kununua maandazi yake, wakaacha kuketi naye msibani, mwisho akahama akaacha mikorosho yake na kaburi la mumewe.

Jirani yangu Mama Somoe alikuwa na binti, Somoe, yuko kidato cha nne, anajiandaa na mtihani. Mtoto akaanza kuamka alfajiri amekauka. Macho yanaona, masikio yanasikia, lakini hawezi kunyanyua hata kidole, na kifuani anahisi mtu amemkalia. Baadaye anaachiliwa, analia. Mama yake akaanza kumwangalia akilala mchana, akaona macho yanakimbia chini ya kope. Akasema mwanangu yuko mbali, anahangaika. Wakamuuliza Somoe aliyemkalia ni nani. Mtoto kwa woga akasema ni kama mama mzima mwenye khanga. Na mama mzima mwenye khanga wa jirani ni mimi.

Ushahidi wao mwingine ulikuwa shamba langu. Ilikuwa msimu wa palizi, na mikorosho yangu chini yake palikuwa peupe, hata korosho moja ikianguka utaiona ukiwa barabarani. Mjane, peke yangu, na shamba lile.

"Mama Bakari, wewe unalala saa ngapi?" Mama Somoe aliniuliza dukani, watu wanasikia. "Maana shamba lile si la mikono miwili."

"Ni la mikono miwili inayoamka mapema," nikamjibu. "Ya kwako inaamka saa ngapi?"

Wakacheka, lakini hawakucheka kwa upande wangu. Sabuni yangu nikaibeba nikaondoka.

Kwa ndugu zetu wa huku, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mjomba wa Somoe alikuwa mtu wa sauti kubwa na kofia safi. Akatangaza kwamba mtaalamu atatafutwa na mimi nitanyolewa. Mwenyekiti wa mtaa akaogopa fujo, akasema tukutane kwanza ofisini kwake baada ya swala ya alasiri. Ilikuwa Ramadhani.

Nilichukia, tena nilichukia vibaya, na sababu yangu nitaisema ilivyo. Kuitwa mchawi kuliniuma. Lakini kilichonikosesha raha ya futari ni palizi. Nimeinama mashambani tangu ukungu haujainuka, mgongo umekufa ganzi, halafu sifa apewe mtoto wa watu aliyekuwa kitandani kwao. Nilipomwambia Mwalimu hivyo, hakucheka. Alifungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema: "Usije na maneno, Mama Bakari. Njoo na nywele zako tu."

Siku ya kikao akatutangulia kwa mwenyekiti, mapema, alasiri bado. Akaomba mwenyekiti, Mama Somoe na wanawake wawili watatu waongozane naye mara moja kwenye ghala la korosho. Nikafuata nyuma. Msimu ule ghala lilikuwa tupu, na mbele yake kuna sakafu pana ya saruji. Wakati wa baridi huku juu, sakafu ile inakunywa jua. Wanaume waliofunga, wakishaswali adhuhuri, hulala pale kwenye mikeka, wameamka kula daku na hawajapata usingizi tena. Siku hiyo walijaa. Kuna aliyekoroma, kuna aliyefunika uso kwa kofia. Na katikati yao, chali, kofia safi juu ya kifua, alikuwa mjomba wa Somoe.

Mwalimu akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha. Akachuchumaa, akatuonyesha mmoja, ametulia. Akatuonyesha wa pili, naye ametulia. Akasema kwa kunong'ona usingizi una zamu, macho hayakimbii muda wote. Mwenyekiti akaanza kutazama saa yake. Tukafika kwa mjomba.

Macho yalikuwa yanakwenda. Kushoto, kulia, kushoto, yanasimama, yanakwenda tena, na midomo inachezacheza.

"Mama Somoe," Mwalimu akanong'ona, "Somoe anakuwa hivi?"

Mama Somoe akainama. Akatazama sana. "Ndivyo hivyo hivyo."

"Basi na kaka yako naye analimishwa. Analimishwa na nani?"

Mama Somoe akamtazama kaka yake, akamtazama Mwalimu, na ukweli ukamtoka kabla hajauzuia.

"Huyu? Huyu hajawahi kulima hata mchana."

Mmoja wa wale wanawake tuliofuatana nao aliangua kicheko kikaamsha ghala lote. Mjomba akaketi ghafla, kofia ikaanguka. "Kuna nini? Kumekuwaje?"

"Samahani, mzee," Mwalimu akasema. "Ulikuwa unaota?"

Mjomba akajipangusa mdomo. "Nilikuwa nakula. Ubwabwa wa nazi, na samaki."

"Na umefunga," mwenyekiti akasema, naye ameshindwa kujizuia.

Mmoja wa walioamka akauliza kama macho yalikuwa yanafuata sahani. Mwalimu angeweza kusema ndiyo, na wote wangeamini, na mimi ningepona hapo hapo. Akasema hilo wasomi wa usingizi bado wanabishana, wapo wanaosema macho yanafuata yanayoonekana ndotoni, wapo wanaosema hapana. Anachojua yeye ni kwamba kila mzima wa akili na mwili macho yake hukimbia hivyo, kila anapolala. Nilitamani kumfinya. Sasa nadhani wale watu walimwamini kwa sababu hiyo hiyo iliyonifanya mimi nimwamini.

Mjomba alipoelewa tulichokuja kutazama, akasimama. "Macho sawa. Na kukauka je? Mtoto ameshindwa kunyanyua mkono. Au na hilo liko kitabuni?"

Kabla Mwalimu hajafungua mdomo, fundi baiskeli aliyekuwa mkeka wa pembeni akasema, "Hilo ni jinamizi. Mimi linanikaba tangu kijana." Mwingine akasema hata yeye, hasa akilala chali. Wa tatu akasema yeye huwa anamwona marehemu babu yake. Mwalimu akawaeleza habari ya mlinzi na milango. Akasema mara nyingine mwenye ghala anaamka kabla mlinzi hajafungua, akili iko macho na mikono bado imefungwa, na kwa muda mfupi huo ndoto inabaki chumbani, ndiyo unaona mtu kifuani. Humpata zaidi asiyelala vya kutosha. Akamgeukia Mama Somoe, na hapo sauti yake ikawa ya baba.

"Somoe anasoma mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mafuta ya taa yanaisha."

"Na analala vipi?"

"Chali. Kitanda ni chembamba, analala na mdogo wake."

"Mlaze mapema, alale ubavu. Mtihani hautamkimbia."

Mwenyekiti akakohoa akasema kwa upande wake hakuna wa kunyolewa, na alasiri inaadhiniwa. Watu wakaanza kukunja mikeka. Mwalimu akanitazama kama anayesema twende. Sikwenda. Nilivuta kitambaa changu nikakiteremsha mabegani, nywele zangu zote nje, mvi na zisizo mvi.

"Bado jambo moja," nikasema. "Mama Somoe. Shamba langu limepaliliwa na nani?"

Watu wakasimama na mikeka yao. Mama Somoe akatazama saruji. Simlaumu, yule alikuwa anaogopea mtoto wake, na mimi ningeogopa. Lakini nilitaka kulisikia.

"Umepalilia wewe, Mama Bakari."

"Sauti hiyo mjomba hajaisikia."

"Umepalilia wewe mwenyewe," akasema, "na sisi wavivu tumeona wivu."

Nikajifunika, nikaenda kuswali. Futari ile nilikula kama mgonjwa aliyepona.

Somoe alilala, akatulia, akafanya mtihani wake akafaulu. Leo naye ni mwalimu, Tandahimba, na akija huku ananiletea khanga, kila mara khanga, kama aliyebaki na deni la ile aliyoiona ndotoni. Mama yake na mimi tunasaidiana kuokota korosho. Bado anachelewa kuamka, na bado namwambia.

Mwalimu alistaafu wakashuka Masasi, yeye na mkewe. Hakupenda kushukuriwa. Kila nilipoanza kusema lile la ghalani, aliniuliza kama kuna ming'oko.

Mwaka jana nilishuka Masasi kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho lilipofunguliwa nikasema kitu cha kwanza cha kwenda kukitazama ni yule aliyenifundisha kutazama. Mkewe alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

"Amelala." Akashusha sauti. "Usimsogelee sana. Siku hizi anarusha mikono usingizini. Anapiga ukuta, anafundisha. Hospitali wamesema ni maradhi ya uzee, wamempa dawa, tumemwekea godoro chini. Lakini majirani wanasema kuna kitu kimempanda."

"Wameona, au wameambiwa?"

Yule mama, uso wote umechoka, akacheka.

Tuliketi. Mwalimu alikuwa amelala kwenye godoro, shati limefungwa mpaka juu, mchana kweupe. Amekonda. Kwanza alitulia kama mtu yeyote. Kisha macho yakaanza, nikayaona kwa jicho langu jipya, kushoto, kulia. Na mkono wa kulia ukainuka, ukaandika hewani mstari mzima, ukafuta, ukaandika tena. "Kaa chini, wewe," akamwambia mwanafunzi fulani. Nikaelewa. Mlinzi amezeeka, milango haifungiki vizuri.

Wakati huo jirani mmoja alifika kurudisha chekeche. Akaona ule mkono hewani, akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine umeshaondoka.

"Ingia," nikamwambia.

"Hapana, bibi, nitarudi."

"Ingia, uchuchumae hapa, utazame. Nani kakuambia ana kitu?"

"Watu."

"Basi leo utaona mwenyewe."

Akachuchumaa, kwa kuniogopa mimi kuliko yeye. Nikamshika kisogo, pale shingo inapoingia kichwani, nikamweleza yote: shina, amri mbili, ghala, vidirisha viwili vya juu. Niliyasema kwa mpangilio bila kukwama. Alipouliza macho yanafuata nini, nikamjibu sijui, bado wanabishana. Mke wa Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, machozi yanamtoka na anatabasamu. Yule jirani akakaa mpaka mkono uliposhuka. Akasema, "Kumbe anafundisha tu." Akaliacha chekeche, akaenda kuwaambia wenzake, na safari hii alikuwa na cha kuwaambia.

Mwalimu akafumbua macho. Alinitambua mara moja.

"Mama Bakari. Umeona?"

"Nimeona. Na jirani yako ameona, nimemfundisha."

"Ulimwambia habari ya mlinzi wa ghala?"

"Ni wangu yule mlinzi, nimwache?"

Akafurahi sana, akajaribu kuketi, tukamsaidia. Akasugua mabega yake moja baada ya jingine, kama mtu aliyetoka kazini.

"Nimechoka," akasema. "Nilipomaliza darasa nilikwenda shambani kwako. Nimepalilia mikorosho yote mpaka kule bondeni."

Mkewe akajishika mdomo. Mimi nikamtengenezea Mwalimu mto mgongoni, nikakaza kitambaa changu juu ya nywele zangu, nikamwambia aliondoe hilo kichwani kabisa, maana shamba lile, mchana na ndotoni, napalilia mwenyewe.